Siku Lori Lilipotoka Usangu

Igowole, Mufindi
24 Machi 1979

Kwako mdogo wangu Seni,

Pokea salamu zetu nyingi. Sisi tunaendelea vizuri, ila shemeji yako Edmund kifua kimemshika tena kwa ukungu huu. Wewe je, hujambo? Mkeo Roza na watoto bado wako bondeni kwa mayu, mama yetu, au palizi ya mpunga imekwisha?

Naandika kwa haraka. Huku mvua haikatiki, njia za kwenye chai zimegeuka mito. Redioni wametangaza watu wa mabondeni wahame mapema. Unakumbuka mwaka ule tulipohamia Usangu kutoka Shinyanga, maji yalifika zizini tukadhani ndiyo mwisho wake? Safari hii yatapita pale. Mvua ya huku juu yote inateremka kwenu.

Baba hatanisikiliza mimi. Wewe unaendesha gari. Mwombe tajiri wako Muhidini lori kwa siku moja tu. Mtoe baba, mtoe mayu, mtoe Roza na watoto, uwapeleke kwako Iyunga. Ng'ombe, mchungaji wetu Nkuba awatangulize kwenye kilima. Usingoje kuona kwa macho, mdogo wangu. Maji hayapigi hodi.

Dada yako,
Nyamizi


Iyunga, Mbeya
6 Aprili 1979

Dada mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi ni wazima, natumaini na kifua cha shemeji kimepata nafuu.

Barua yako ilifika. Muhidini alinikubalia, ingawa malori yake mengine yamechukuliwa kwenda vitani na hilo lililobaki ndilo linalomlisha. Jumamosi tumewatoa mayu, Roza na watoto. Vyombo karibu vyote vimepona: vitanda, magunia ya mahindi, baiskeli ya baba, hata mabati ya nyumba tuliyaezua asubuhi ile. Mchana huohuo maji yakabeba lile daraja dogo la kijijini. Sasa hakuna gari linaloingia.

Baba amebaki nyuma kidogo. Yuko na watu. Maji yakipungua nitamfuata, usiwe na wasiwasi.

Mayu anakusalimu.

Mdogo wako,
Seni


Igowole
14 Aprili 1979

Mdogo wangu Seni,

Nakusalimu. Huku hatujambo.

Barua yako nimeisoma, nikampa Edmund naye akaisoma, na wote tumebaki na swali moja. Baba amebaki na watu gani? Gari lina nafasi ya magunia na mabati, halafu mzee anabaki? Kama alikataa kuondoka, sema alikataa, ninamjua baba. Lakini hukusema hivyo.

Na mayu. Unasema ananisalimu. Tangu mayu ajifunze kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, hakuna barua iliyotoka alipo yeye bila mistari yake pembeni, akinigombeza kwamba nimesahau kwetu. Safari hii pembeni ni peupe.

Seni, niandikie vizuri.

Dada yako,
Nyamizi


Iyunga
9 Mei 1979

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii nikaiacha.

Baba hakukataa. Alipanda. Mwenyewe alinisaidia kufunga kamba za mzigo, akakaa juu pamoja na utingo. Mayu, Roza na watoto walibanana nami mbele. Maji yalikuwa yameanza kuingia majarubani, lakini njia ilipitika.

Tulipofika usawa wa kwa Liberatus nikamwona mkewe, Yudith. Yule Mnyakyusa anayekusuka ukija. Liberatus yuko vitani Uganda, unajua. Yudith alikuwa mbali, ng'ambo ya mpunga, anapunga khanga. Watoto wawili walikuwa pembeni yake, na kale kachanga, Andendekisye, kalikuwa mgongoni. Niliwaona wote. Nikatazama mbele, nikakanyaga mafuta.

Baba akapiga bodi. Sikusimama. Akaendelea kupiga mpaka nikasimama, akateremka, akaja dirishani kwangu.

"Seni, yule ni Yudith."

"Gari limejaa, baba."

"Limejaa mabati. Tuyashushe."

"Tukianza kushusha tutakwama wote. Nawafikisha hawa Igawa, nashusha, narudi kuwachukua."

"Utarudi?"

"Narudi."

"Basi na mimi nitangoja pamoja nao, ili usisahau."

Mayu alimwita, "Bujiku," mara moja tu. Baba akakunja suruali, akaingia majini kuelekea kwa Yudith. Mimi nikaondoa gari.

Nilirudi kweli, dada. Lakini pale Igawa nilishusha magunia moja moja, nikayapanga juu ya magogo yasilowe, nikatafuta turubai, nikafunika, nikafunga. Roza akaniambia, "Acha hayo, nenda." Nikamjibu mahindi yakilowa tutakula nini. Nilipofika darajani daraja halikuwepo. Mtu mmoja pale aliniambia limeondoka sasa hivi, hata sigara aliyokuwa akivuta haijaisha.

Nimekwenda tena na tena mpaka maji yanapoanzia. Wengine wanasema kuna watu kwenye kilima cha mawe, wengine wanasema wamekwenda upande wa pili. Mayu hasemi na mimi. Anapika, anaogesha wajukuu, mimi ananipita kama nguzo ya nyumba. Salamu zile nilizitunga.

Mdogo wako,
Seni


Igawa
24 Mei 1979

Seni,

Naandika hapa Igawa. Barua yako iliponifika nilifunga mzigo siku hiyohiyo, Edmund akanipakia kwenye basi. Maji yamepungua, nikavuka kwa mtumbwi wa Wasangu mpaka kijijini, na leo nimerudi huku kutia barua posta.

Baba yu hai. Soma tena hapo, halafu uende ukamwambie mayu kabla hujaendelea.

Amekonda na miguu imevimba, lakini yu hai. Siku ile aliwavusha watoto wa Yudith mabegani, akarudi kumshika mkono mama yao, wakapanda kilima walikokuwa Nkuba na ng'ombe. Waliishi kwa maziwa. Mvua iliwanyeshea pale, hakuna pa kujificha ila chini ya jiwe. Wale watoto wawili wamepona. Andendekisye alishikwa na homa, akakohoa, akaacha kunyonya. Baba ndiye aliyemzika, palepale kilimani, kwa sababu chini kote kulikuwa maji. Hakuna jembe. Alichimba kwa fimbo ya kuchungia.

Nilimuuliza ana neno gani kwako. Akasema, "Mwambie zile kamba za mabati nilizifunga mimi pamoja naye."

Kuna jingine, na ni lazima ulijue. Baba alipofika kwa Yudith siku ile, Yudith alimuuliza mbona Seni hakusimama. Baba akamjibu, "Hakukuona, mwanangu. Anarudi." Nilipomuuliza kwa nini alidanganya, akasema angefanya nini, wewe ni mtoto wake. Sasa Yudith anashikilia hilohilo. Jana aliniuliza, "Ni kweli Seni hakuniona, si ndiyo?" Nikajifanya naangalia chungu.

Usidhani nakuandikia haya nikiwa pembeni. Nimeikumbuka barua yangu ile. Nilikuambia mtoe baba, mtoe mayu, mtoe Roza. Sikutaja jirani hata mmoja. Yule mwanamke amenisuka nywele miaka yote, na sikumtaja.

Mlete mayu kwa mumewe. Wewe nawe uje.

Dada yako,
Nyamizi


Igawa
17 Juni 1979

Dada,

Shikamoo, na poleni na baridi ya huko. Ulipoondoka tu ndipo tulipofika, tumepishana.

Mayu nimemfikisha. Baba alipomwona alisema, "Umechelewa," naye akamjibu, "Gari la mwanao bovu," wakaanza kuulizana habari za ng'ombe kama watu waliotoka sokoni. Mimi nilimpigia baba magoti. Aliniinua akaniambia nikamsaidie Nkuba kukata miti ya zizi. Nikakata siku ile na iliyofuata. Ningekata mwezi mzima. Ila mayu alikuja akasimama pale, akasema, "Kwa Yudith umekwenda?" Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Nikasema bado. Akasema, "Nenda. Peke yako."

Yudith anaishi kwenye kibanda cha nyasi, pale palipokuwa nyumba yao. Alinikaribisha vizuri, dada, hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akanipa kigoda, akaniletea uji, akauliza hali ya Roza na watoto. Nikampa pole ya mtoto. Akaitikia. Halafu akasema, "Shemeji, nikuulize kitu. Siku ile, uliniona?"

Nilikuwa na jibu la baba, tayari kabisa mdomoni.

"Nilikuona."

"Khanga uliiona?"

"Niliiona. Na mtoto mgongoni nilimwona."

Alichukua kile kikombe cha uji kutoka mkononi mwangu, kikiwa bado nusu, akakiweka chini karibu naye. Wale watoto wake walikuwa wanacheza nje, akawasikiliza kwanza.

"Mzee alisema hukuniona," akasema. "Baba watoto aliandika kutoka huko aliko, akaniuliza, lori la Seni lilikuwa wapi? Nikamwandikia usimlaumu rafiki yako, hakutuona. Nimekutetea kwa mume wangu, shemeji. Na habari ya mtoto nimemwambia ni Mungu."

Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu kwamba yale mabati nitamletea, nitamwezekea nyumba. Nikaona aibu hata kuyataja.

"Sasa nimwandikie nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nitamwandikia mimi.

"Mwandikie. Usinisomee."

Nikatoka. Hakunisindikiza.

Nimeandika kama kurasa mbili. Nimemweleza Liberatus kwamba niliwaona nisisimame, na aliyoniambia baba dirishani, na magunia niliyokuwa nayapanga Igawa wakati daraja bado lipo. Sikumwomba msamaha kwenye karatasi. Huo nitamwomba akiwa mbele yangu, kama atanipa nafasi. Barua nimeitia posta leo asubuhi. Watu hapa wanasema askari wa kwanza wameanza kurudi, wamewaona wakipita kwenye magari. Kwa hiyo chini ya jina langu nimeandika na nyumba ninayokaa Iyunga, na mti ulio mlangoni, ili akija asihangaike kunitafuta.

Mdogo wako,
Seni