Nani Kapika

Jumatatu, 15 Julai

Dengu leo. Nimeziloweka kabla ya kwenda karakana. Jioni nimechemsha, nikakaanga kitunguu na binzari nyembamba pembeni, nikamwagia juu zikitokota, kama Wahindi wanavyofanya kwenye video za simu. Chapati mbili zimeungua. Daudi, mwanangu mdogo, kala zilizoungua, hana neno. Zawadi kaomba aongezwe.

Mlango wa uani umefungwa kwa komeo, kama kawaida. Mtu akipiga hodi naweka mwiko chini, nafuta mikono, ndipo naitikia. Mke wangu, Mama Zawadi, yuko masomoni Dodoma mpaka Desemba. Watu wanajua tunakula. Nani anapika, hawaulizi. Nadhani wanafikiri ni Zawadi, mtoto wa darasa la nne. Nimewaacha wafikiri hivyo.

Jumatano, 17 Julai

Baba kapiga simu kutoka Kinyangiri. Goti limemzidi. Anakuja kutibiwa hapa Itigi, atakaa kwetu.

Nilifurahi. Halafu nikawaza jiko. Baba hajawahi kushika sufuria. Mama alipougua, baba alishinda na njaa akimsubiri dada atoke shule, na mpaka leo anasimulia jambo hilo kama sifa. Mimi ni mtu mzima, fundi seremala, nina wanafunzi wawili chini yangu. Naogopa baba yangu asije akanikuta na mwiko.

Ijumaa, 19 Julai

Baba kafika. Goti limevimba. Anakaa barazani tu, uani hafiki. Nikaona nafuu. Halafu nikaona aibu kwa kuona nafuu.

Nimepika tambi kwa namna ya Waitaliano. Nyama niliikatakata kwa kisu mpaka ikawa kama ya kusagwa, nyanya nyingi, kitunguu swaumu, mafuta ya alizeti, moto mdogo. Baba alizigeuza kwa kijiko, akauliza zinaanziwa wapi. Kisha akamaliza sahani na kuomba nyingine. Sijawahi kumwona akiomba ya pili.

Akauliza, "Nani kapika?"

Zawadi akaniwahi, amefurahi. "Baba, babu. Baba ndiye anatupikia kila siku."

Baba akaacha kutafuna. Akanitazama.

Nikacheka. Nikasema mtoto anatania. Nikasema anayetusaidia ni Mama Upendo, jirani.

Zawadi akasema hatanii. Baba akamkaripia. Mtoto anayedanganya wakubwa hafai, hapo hapo aniombe msamaha. Akapiga goti, akaniomba. Mimi. Nikamwambia yameisha.

Jumamosi, 20 Julai

Wali wa kukaanga wa Kichina. Mayai, karoti, hoho, ile sosi nyeusi. Zawadi anaupenda kuliko chakula chochote. Hakuugusa. Alisema kashiba, na tangu asubuhi amekunywa chai tu. Baba kasema mtoto ana kiburi, amelelewa vibaya. Nilinyamaza.

Mimi ni mwoga. Naliandika ili nilione.

Jumatatu, 22 Julai

Baba amechomwa sindano ya goti asubuhi na mapema. Amepata unafuu, anatembea na fimbo. Ningejua angeenda wapi, ningekaa naye.

Nilipokuwa karakana kanunua chupa ya asali, kaulizia nyumba ya Mama Upendo, kamkuta bombani na wanawake wenzake. Kampa asali mbele ya wote. Kamshukuru kwa kumtunza mwanawe wakati mkewe hayupo.

Mama Upendo ni mjane. Tangu Mama Zawadi aondoke hajakanyaga kwetu, kwa heshima tu.

Alikuja karakana jioni. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Baba Zawadi, nimekukosea nini?"

Akaweka chupa juu ya mbao, akaenda zake. Wanafunzi wangu wakajifanya wanapiga msasa.

Jumanne, 23 Julai

Maneno yamefika Dodoma. Mama Zawadi kapiga simu mchana. Hakufoka. Aliuliza tu, "Huyo mama anakuja kabla watoto hawajalala, au baada?"

Nikamweleza yote, tangu tambi. Akasema ananiamini, maana anajua ninavyopika. Alipojifungua Daudi ni mimi niliyempikia uji na supu. Akasema kinachomuuma ni kwamba mwanawe kaitwa mwongo ndani ya nyumba yake, na mimi niko hapo, natazama. Ndipo akakata.

Sikufanya kazi ya maana. Niliranda ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba, haufai tena.

Jumatano, 24 Julai

Nimekwenda bombani wakati wanawake wanachota maji. Kwenda nyumbani kwake ningeongeza maneno. Nikasema Mama Upendo hajawahi kupika kwangu. Napika mimi. Nilimdanganya baba kwa sababu niliona aibu.

Mmoja akacheka. Wengine wakatazama ndoo zao. Mama Upendo akajitwika ya kwake, akasema, "Mzee naye kamwambie." Akaondoka.

Jioni nikamwekea baba kiti uani, karibu na jiko la mkaa. Sikumweleza kwa nini. Nikamenya vitunguu mbele yake. Kuku wa kienyeji, tui la nazi la pakiti, tangawizi, ndimu, pilipili moja. Wathai wanafanya hivyo, au ndivyo simu ilivyosema. Nikajikata kidole. Baba alitazama damu, akatazama sufuria.

Nikasema, "Baba, zile tambi nilipika mimi. Zawadi hakudanganya. Mwongo ni mimi."

Akasogeza makaa kwa ncha ya fimbo.

"Mkeo anajua unapika?"

"Anajua."

"Na watoto?"

"Wanajua."

"Basi asiyejua nilikuwa mimi peke yangu."

Nilitamani anikaripie kama alivyomkaripia Zawadi. Hakunikaripia. Alikula kuku, hakuomba ya pili. Baadaye alimwita Zawadi barazani, wakazungumza Kinyiramba kwa sauti ndogo. Zawadi anakielewa nusunusu. Sikusogea kusikiliza. Hayakuwa yangu.

Ijumaa, 26 Julai

Baba kaondoka kwa basi la asubuhi. Kabla ya kwenda stendi alitaka tupitie kwa Mama Upendo. Alivua kofia, akamwomba radhi. Mimi nilisimama nyuma yake kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Mama Upendo akamwitikia mzee vizuri, "Radhi nimekupa, mzee wangu. Sasa pokea shikamoo yangu." Mimi akaniitikia kwa kichwa tu. Ni haki yake.

Stendi baba alinishika mkono, akasema goti linaendelea vizuri. Kuhusu jiko hakusema kitu. Huenda ananidharau. Sitajua. Inauma, na nimekaa nayo siku nzima.

Jumapili, 28 Julai

Baridi, upepo. Supu ya viazi na karoti, nimeziponda na kutia maziwa kidogo, mkate pembeni. Mama Zawadi alipiga simu kabla ya kula, akaongea na watoto, kisha na mimi, kidogo. Kaniuliza kama supu ina tangawizi. Nikasema ipo.

Daudi kamwaga yake, nikampa yangu.

Zawadi alipofika katikati ya bakuli akauliza, "Shuleni wakiniuliza nani anapika nyumbani, niseme nani?"

"Sema baba."

"Na wewe wakikuuliza?"

"Nitasema mimi."

Akanitazama kidogo. Hakusema kama ameamini. Akachovya mkate, akala.