Nani Atakaa Karibu na Mama

Ennie, uko? Acha hiyo samaki usome. Nacheka na ninaona haya pamoja.

Unajua mimi na bwana yangu Misheck tulipanga kukodisha gari, tufuate ziwa, halafu tupande Kawambwa kuona maporomoko ya Ntumbachushi. Sasa mama yangu amesikia. Amesema, "Na mimi naenda. Nitakaa mbele."

Mbele, Ennie. Karibu na mukwe wake anayeendesha. Hawa watu, kwa heshima ya mukwe na mama mukwe, hawajawahi hata kula mahali pamoja.

 Misheck ametazama viatu vyake, akatoka nje.

Ndipo nkambo yangu, bibi yetu muzee, aliyekuwa anachambua majani ya sombe, akaanza kucheka mpaka machozi. "Munafikiri ni nyinyi wa kwanza? Mwaka wa hamsini na sita, bwana yangu Mpundu alikodisha gari na dereva anipeleke kulekule. Mama yangu akaingia, akakaa."

Nikamuuliza, "Na nkambo Mpundu alifanya nini?"

"Heshima ni heshima. Akatufuata na baiskeli. Tulipokuwa tunarudi, tukamukuta njiani, yeye bado anaenda. Akashuka, akageukia porini mpaka mama apite."

Akageukia porini, Ennie. Na gari amelipa yeye.

Tumecheka wote, hata mama. Lakini mama hakusema kama anabaki.

Nikatoka kumuita Misheck aje asikie hii habari. Nimemukuta chini ya dirisha, amepindua baiskeli yake, anajaza upepo.

Amesema, "Nyinyi mutangulie."