Orijino Ndani ya Orijino

Shangazi mshauri,

Nakuomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sijui nianze kuifungua upande gani. Mimi ni fundi wa mashine za kukata nyasi na misumeno ya miti, nina mke tunayepatana naye na nyumba yenye amani, na baba mkwe wangu ananipenda kuliko ninavyostahili, na hapo ndipo penye tatizo. Mzee alikuwa mtunza bustani wa hospitali kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo alisukuma mashine ya kampuni moja tu, ile nyekundu, ukimtajia nyingine anakutazama kama umemtukana. Alipostaafu, bodi ya mashine yake ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona vidole vya miguu yako, basi nikaenda duka la kampuni yenyewe, si kichochoroni, nikamnunulia mpya, jina lile lile, rangi ile ile, na nilipomkabidhi akaniuliza mbele ya familia nzima kama ni orijino, nikamwapia kwamba ni orijino, na ile ya zamani akanipa nikaitupe.

Shangazi, ilikuwa orijino kweli. Lakini mwezi wa pili ikaanza kukohoa, nikaichukua nikamwambia ni sevisi ya kawaida tu, na nilipoifungua nikakuta palipokuwa na chuma sasa pana plastiki, kabureta nyepesi kama kifuniko cha soda, na silinda imeshachubuka ndani. Dukani wakanizungusha, mara mafuta machafu, mara nyasi ndefu, mwisho wakasema waranti hainihusu. Sasa ningemwambia nini mzee? Kwetu kitu kikiharibika mapema watu wana neno moja tu, feki, hakuna anayekubali kwamba orijino yenyewe imeshuka, na mimi nilishaapa. Ndipo nikaitupia jicho ile ya zamani, ilikuwa bado kwenye kona ya karakana, injini yake nzima kabisa, nikapima, matundu ya boliti yakalingana, nikaing'oa nikaifunga kwenye bodi mpya, nikaifunika kwa kifuniko kipya chenye stika, nikamrudishia mwenyewe.

Ikawaka kwa mvuto mmoja. Mzee akasimama, mkono kiunoni, akasema, "Sikia hiyo, mkwe. Hawa watu hawajabadilika hata kidogo."

Tangu siku hiyo ana furaha ya ajabu, anakata hata nyasi zisizohitaji kukatwa, na kila mgeni lazima asikilizishwe muungurumo. Mke wangu nilimwambia, akacheka hadi akakaa chini. Ningenyamaza maisha, ila sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameacha kazi ya ulinzi ili akate nyasi kwenye viwanja vya shule, na kwa kumsikiliza baba yake, Jumamosi anakwenda kununua mbili mpya. Nikisema, mzee ataniona tapeli. Nisiposema, shemeji hatamaliza hata muhula mmoja. Nifanyeje?

Mkwe wa Orijino

*

Mkwe wa Orijino,

Nimecheka pamoja na mkeo, kisha nikakunja uso. Pole kwa kuzungushwa dukani. Hukukosea kununua, na kazi uliyoifanya karakanani ni ya fundi haswa. Lakini usiniambie ulimhurumia mzee. Ulijihurumia wewe. Uliona afadhali yeye akae na uongo mtamu kuliko wewe ukae na aibu ya wiki moja. Na sasa uongo huo umeshavaa viatu, unakwenda dukani na shemeji yako.

Mtu ameacha mshahara wake, nawe unaniuliza useme au usiseme? Hapo hapana swali, baba. Swali ni unasemaje.

Usisubiri Jumamosi. Nenda Ijumaa mchana, peke yako, na spana yako. Usianze na hotuba. Mfungulie mzee kile kifuniko, umwonyeshe injini yake, kisha umtolee ile iliyokufa uiweke kando, azishike zote mbili. Mtu aliyesukuma chuma miaka ishirini na sita hahitaji kuelezwa plastiki ni nini. Atazigonga kwa kidole. Mwache azigonge, usianze kupayuka. Akikuuliza kwa nini ulificha, mwambie ukweli wenyewe, kwamba uliogopa akuone mkwe feki. Akikasirika, umestahili. Akicheka, shukuru.

Halafu sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu. Usimpigie shemeji simu wewe. Mwombe mzee amwambie mwanawe. Ni yeye aliyemtuma dukani, na ni yeye anayeaminika. Ukimtangulia, atabaki kuwa mzee aliyedanganywa na mkwe wake. Ukimwachia, atakuwa baba aliyemzuia mwanawe mlangoni.

Ukishatoka hapo, zunguka kwa mafundi wenzako utafute mashine mbili kuukuu zenye injini nzima na bodi mbovu. Mtengenezee shemeji yako kama ulivyomtengenezea baba yake, safari hii mchana kweupe, mzee akiwa amekaa kwenye kiti pembeni anakukosoa. Na zile stika za kampuni, zibandue.