Ungewaambia Tu Kuwa Dawa Ilibadilishwa

Kaka yangu,

Nilitaka kuanza na "mpendwa", moyo ukakataa. Mama hajambo, mihogo imeshika vizuri.

Unakumbuka ulivyonipakia kwenye baiskeli kutoka Lionja hadi Nachingwea, siku ile nyonga iliponibana nikashindwa kusimama? Ulinitania njia nzima, "Mdogo wangu, gunia la karanga lina nafuu." Nilicheka huku nalia. Ulikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, wa hospitali ya kambi ya mashamba ya karanga, kaptula nyeupe imenyooka, na kijiji kizima kilikuita daktari. Mimi nilikuona zaidi ya daktari.

Vidonge ulivyonipa vilinituliza miaka miwili. Kisha vikaisha stoo, ukaniletea dawa ya maji kwenye chupa. Ukasema, "Ni ileile, usiwe na wasiwasi." Wiki haikwisha, vidole vikaanza kuwaka kama nimepasua pilipili, mguu wa kushoto ukawa unaruka wenyewe, ulimi ukawa mzito hata jina la mwanangu likanishinda. Wewe ndiye wa kwanza niliyekuonyesha. Uliichukua ile chupa, ukaitia mfukoni, ukaondoka.

Wazee walipokaa kuujadili ugonjwa wangu, walikungoja wewe. Wewe ndiye mjomba, na kwetu Wamwera mjomba akishasema juu ya watoto wa dada yake, hata baba yao hunyamaza. Nilikutazama usoni. Mdomo wangu haukuweza, nilingoja wako. Ukasema, "Hili si la hospitali. Ni jini." Ukaamua mwanangu apelekwe Ruangwa kwa dada yetu, nisije nikamdhuru.

Nilifukizwa siku saba chini ya shuka, ngoma zinapigwa, na wewe umekaa na wanaume unakunywa uji. Sijui hata leo kama ni ile dawa. Kutetemeka kumepungua, hakujaisha, na kila aliyenipima baadaye alitikisa kichwa tu. Huenda hata ungesema, madaktari wasingejua la kufanya. Lakini ulijua kuwa dawa ilibadilishwa, ukaogopea kibarua chako, ukanitoa mimi kafara. Nina hasira na wewe, kaka. Kambi yenyewe imeshafungwa, wewe umehamia Lindi, na hasira yangu bado ipo hapa Lionja.

Mwezi uliopita nilikwenda Ruangwa. Mwanangu amekua, anasuka nywele zake mwenyewe. Aliniletea maji ya kunywa, nilipopokea kikombe mkono ukaruka, yakamwagika yote. Alirudi nyuma hadi mlangoni. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, lile jini bado limo?"

Njoo umjibu wewe, mjomba wake.

Baki salama huko uliko.

Mimi, mdogo wako wa tumbo moja