Ugomvi wa Farasi Mmoja

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepungua uvimbe, na shemeji kikohozi kimemwachia nafasi ya kulala. Huku mimi natembea, nakula, nashona. Presha ndiyo iko juu, na sababu unaijua.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Umeniita mlezi wa nyoka. Umesema mwanangu amempiga ndugu yake mbele za watu na mimi nikatazama. Sikutazama, dada. Nilikuwa katikati yao, na kidole changu mpaka leo kinauma nikishika sindano. Umesema tena kwamba sina shule, nitajuaje ugomvi wa mafundi. Sawa. Niliishia la nne. Wewe ulipokuwa darasani, nani alikuwa nyumbani na mtoto mgongoni? Tuyaache hayo, maana nikianza sitamaliza.

Kuhusu injini, naelewa kuliko unavyodhani. Mwanao Kimya alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha wateja wangu anangoja nimshonee kifungo cha shati. Alisema pistoni ikipanda inafinya hewa na petroli kwenye chumba kidogo, kisha cheche inawasha. Chumba kikizidi kuwa kidogo, mlipuko unasukuma kwa hasira zaidi. Akanipa pampu ya baiskeli, akaniambia nizibe mdomo wake kwa kidole nisukume. Kweli, ilikataa kama punda. Basi akasema pikipiki ya mashindano, yake na mwanangu, inafinya mara tisa na nusu. Akikereza kichwa cha silinda kidogo, itafinya mara kumi na moja, na nguvu zitatoka za farasi kumi na tano zikaribie za farasi kumi na sita. Nikacheka, nikamuuliza kama kelele zote hizo ni za farasi mmoja. Akaniambia mama mdogo, huyo mmoja ndiye anayekutanguliza mlimani.

Siku ya mashindano mwanangu alipanda ule mlima kama anayesukuma mkokoteni. Vijana wa gereji ya jirani walimpita wawili wawili, mmoja akageuka akamuuliza kama amebeba magunia. Aliporudi karakana hakuvua hata kofia ya chuma. Alisema Kimya amekereza makusudi vibaya, kwamba amejiuza kwa wale wa jirani, kwamba ndugu wa namna hiyo ni mwizi aliyepewa ufunguo. Kimya alijibu tu kwamba alipima kila kitu. Ndipo ngumi ikaja, na sanduku la spana likarushwa barabarani. Kimya aliokota moja moja, wateja wanatazama. Tangu hapo mafundi wa mtaa mzima wanamwita Farasi wa Kukodi, na hakuna gereji inayompa hata tairi azibe.

Sasa soma taratibu, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Unajua gasketi zao za karatasi, zile za kuziba kati ya chuma na chuma, nazikata mimi, kwa mkasi wangu, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Ile inayokaa chini ya silinda walitaka nyembamba. Mimi nilikuwa nimemsikia Kimya akisema injini ikifinywa kupita kiasi petroli huwaka yenyewe, inagonga ndani, pistoni inaweza kutoboka. Yeye alisema anajua la kufanya. Mimi nilisikia kutoboka tu. Wiki nzima nikawa namwona mwanangu chini ya magurudumu. Basi nikakata karatasi nene, imezidi kwa milimita moja. Silinda ikanyanyuka, chumba kikapanuka, na kazi yote ya kukereza ikaliwa na karatasi, pamoja na nguvu kidogo za mwanzo. Kimya hupima kila kitu, dada, hata boliti mpya. Ile gasketi hakuipima. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama mdogo, akaifunga.

Nilinyamaza siku kumi na mbili. Nilipopata barua yako ningeweza kunyamaza tena, kwa jinsi ulivyonitukana. Jana nimemwambia mwanangu. Alifungua injini, akapima, akarudia kupima. Kisha akaniambia nisiguse tena kitu chochote cha karakana, na chakula nilichompikia kimelala mezani mpaka asubuhi.

Jumamosi anakuja kwenu kumwomba radhi ndugu yake. Kimya akitaka kumrudishia ngumi, asizuiwe. Mimi kesho naanza kuzunguka gereji moja baada ya nyingine, natamka kwa mdomo wangu mbele ya mafundi nani aliyeiharibu injini. Watanicheka, wacheke.

Kwa Kimya nimekosa, na nitamwambia ana kwa ana akikubali kuniona. Kwako bado sijaomba chochote, na yale uliyoandika bado yananichoma. Mimi na wewe tutagombana vizuri baadaye, watoto wakishapatana.

Msalimie shemeji. Mguu uuinue ukilala.

Ni mimi mdogo wako,
mama mdogo wa Kimya, kama bado anakubali kuniita hivyo.