Abti, Jumatatu Nitasoma Matangazo ya Ngamia

Waberi, Garissa
Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti

Abti,

Assalamu alaikum. Leo nimeweka nadhiri kukuambia yote, ya furaha na ya uchungu, bila kuruka. Najua Maalim wa duksi, chuo chetu cha Kurani, angesema marehemu haandikiwi barua, huombewa dua. Kwa hivyo nilikuombea dua kwanza, baada ya sala ya alfajiri, kisha ndipo nikashika kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenisisitizia: "Abti, Kisomali umezaliwa nacho, hakiendi popote. Kiswahili kishike kwa mikono miwili."

Unakumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili, yule anayetoka Machakos, alipotusikia langoni mwa shule? Mimi nakuita abti kwa sababu wewe ni ndugu ya mama yangu, nawe unaniita abti vilevile, kama ilivyo desturi yetu. Akauliza, "Sasa Ifrah, kati yenu mjomba ni nani?" Ukamjibu, "Mwalimu, inategemea leo nani ananunua chai." Bado anaisimulia darasani. Muhula huu aliisimulia tena, halafu akanitazama, akanyamaza katikati. Nilimtabasamia ili aendelee.

Nyumba imekuwa kimya. Vipaza sauti vyako Mama amevifunika kwa shuka, na paka amezalia juu ya kimoja. Mama bado anauza maziwa ya ngamia sokoni. Anaondoka mapema na kurudi adhuhuri. Lakini redio hajaifungua tangu janaza. Jirani akifungua yake, Mama anakwenda kuchota maji hata kama pipa limejaa.

Nakushukuru, Abti, kwa kunisimulia njia yako yote, hata mahali ulipojikwaa. Watu wengine wakishafika juu husema walizaliwa huko. Wewe uliniambia ulianza kwa kubeba kipaza sauti mgongoni, nyumba hadi nyumba, penye harusi, mpaka watoto wa mtaa wakakupa jina la Nundu. Ukalichukua. DJ Nundu. Na kwa kuwa mwanamume haingii penye sherehe ya wanawake, walitundika pazia. Wewe na mashine zako upande huu, wao upande ule. Ulikuwa huoni mtu hata mmoja. Ulisikiliza miguu. Miguu ikilegea, unabadilisha wimbo. Vigelegele vikipanda, unauacha uendelee. "Nilisomea redio nyuma ya pazia," uliniambia. Mama alicheka siku hiyo, ingawa hakuwa anapenda kazi yako. Alisema, "Nyuma ya pazia ulikuwa unasomea pilau."

Kisha ukaenda Nairobi kujaribu bahati kwenye kituo kikubwa. Walikusikiliza kidogo, wakacheka, si kwa ubaya, wakasema p yako inatoka kama b. Ukarudi nyumbani, ukasimama mlangoni kwa Mama na begi lako, ukasema, "Bole sana, dada, nimerudi." Uliisimulia kama mzaha. Mimi nilipokuwa mkubwa kidogo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile uliumia.

Lakini ulirudi, na kurudi kwako ndiko kulikonipa mimi mjomba wa kukaa naye. Kituo chetu hapa Garissa kilikukubali kwa sharti. Msimamizi alisema, "Hip hop hapa nani atasikiliza? Ukitaka nyimbo zako, chukua na matangazo ya mifugo." Kazi hiyo hakuna aliyeitaka: ngamia fulani amepotea, mbuzi fulani wameonekana, mvua imenyesha mahali fulani. Wewe ulikubali yote mawili, ukayachanganya. Wimbo, tangazo, wimbo, tangazo, kila siku baada ya alasiri. Na kwa kuwa mfugaji hakujua ngamia wake atatajwa saa ngapi, ilimbidi avumilie hip hop yote.

Ndivyo ulivyompata Mzee Dubow wa Kotile. Alipiga simu kulalamika juu ya mwimbaji mmoja wa Marekani: "Huyu kijana anakimbilia wapi? Nani anamfukuza?" Ukacheka hewani. Baada ya hapo akawa anapiga kila wiki kuhukumu mashairi. Kwa wazee wetu, shairi likianza na herufi moja, sharti liende nayo hiyo hiyo mpaka mwisho. Kwa hiyo akisikia kijana wa Eastleigh anarap, alisema, "Huyu kabadilisha herufi njiani. Hakulelewa." Au mara chache sana: "Huyu mlete tena kesho." Vijana wa mjini walikuwa wanangoja hukumu yake kuliko matokeo ya mpira.

Na ni yeye aliyekukaripia juu ya yule ngamia jike. Ulikuwa mgeni bado kazini. Mzee Dubow alimwokota ngamia karibu na Kotile, akakutumia habari zake, nawe, kwa nia njema kabisa, ukazisoma zote hewani: chapa ya shingoni, sikio lililochanika, rangi, kengele ya mti. Asubuhi wanaume walijaa bomani kwake, kila mmoja akidai ngamia ni wake, kila mmoja akitaja chapa, sikio, rangi na kengele bila kukosea. Akakupigia simu. "Kijana, umewafundisha wezi wote ngamia huyu anafananaje! Ukitangaza kilichookotwa, bakiza alama moja mdomoni. Mwenye mali ataitaja mwenyewe." Mwishowe alikuja bibi mmoja ambaye hakutaja chapa wala sikio. Alisema tu, "Wangu hakubali kukamwa mpaka umwimbie." Akaimba, na ngamia akainua kichwa.

Ulinisimulia hayo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya studio, likizo, ukiniruhusu kusoma matangazo kwa sauti ya chini maikrofoni ikiwa imezimwa. Tangu kosa lile hukusoma tangazo kabla ya kumpigia simu aliyelileta na kumuuliza, "Tufiche ipi?" Nilidhani huo ni uchelewaji. Sasa najua hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Sasa nikuambie la uchungu. Baada yako kituo kimemweka kijana mwingine. Ni mpole, ana sauti nzuri, na p zake hazina lawama. Lakini anasoma kila kitu. Hakuna aliyemwambia. Watu wameanza kuacha kuleta matangazo, na msimamizi anafikiria kuyafuta, wimbo ubaki peke yake. Shule zilipofungwa alimpigia Mama simu. Alikumbuka kile kiti cha plastiki. Akauliza kama ningekuja likizo hii kusaidia upande wa matangazo, nisome mwenyewe hewani, tuone.

Abti, sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilisimama karibu na jiko nikiwa nimeshika mwiko.

Mama alisema hapana. Alisema kwa upole, jambo ambalo ni gumu zaidi kulijibu. "Redio imeshachukua mmoja katika nyumba hii." Anaamini ulikwenda kazini ukiwa mgonjwa kwa sababu ya wale wafugaji waliokuwa wanangoja, na labda ni kweli. Halafu akaongeza, "Na watu watasema nini, binti wa watu kupiga kelele hewani?" Nikamwambia, "Sawa, Mama." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa. Nadhani hiyo nimeirithi.

Alhamisi akaja Mzee Dubow. Hatukuwahi kumwona, sauti tu. Nilidhani ni mrefu. Ni mfupi, na ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakati wa msiba alikuwa malishoni mbali, pamoja na ngamia wake. Alisema alifungua redio siku moja, akasikia sauti nyingine imekaa mahali pako, akajua kabla ya kuambiwa. Alileta samli. Alisoma Fatiha, akakuombea kwa muda mrefu, na Mama alilia kwa sauti, mara ya kwanza mbele yangu. Sijui kwa nini nilishukuru kwa kile kilio, lakini nilishukuru.

Baada ya chai mzee akarudi kuwa yule wa kwenye simu. "Huyu kijana mpya anasoma mpaka kwato! Siku hizi ukipoteza mbuzi, ukimtangaza umempoteza mara mbili. Jamaa yangu amechukuliwa ngamia mwenye mimba hivi hivi, mchana, na mtu aliyetaja kila alama. Na nyimbo anazoweka, wallahi, herufi zinatawanyika kama kuku."

Mama akacheka. Akajifuta uso kwa mtandio. Kisha akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. Mama anauza maziwa, Abti. Anajua ngamia mwenye mimba ni nini katika nyumba ya mtu. Akanigeukia. "Ifrah, abti yako alikuwa anabakiza alama gani?"

Nikasema, "Haikuwa ile ile kila mara. Alimuuliza mwenye kuokota ni alama gani ambayo mtu haioni akiwa barabarani. Hiyo ndiyo aliyoificha."

Mzee Dubow akaweka kikombe chini. "Na huyu mmemweka jikoni?"

Mama hakumjibu yeye. Aliniambia mimi: "Jumatatu utakwenda. Mimi nitakaa langoni mwa kituo na madebe yangu ya maziwa mpaka umalize. Na utasoma matangazo tu, usiniletee mambo ya yoyo, hizo hip hop zenu." Mzee akamwita mama kwa Kisomali, akasema, "Kidogo cha yoyo si kibaya, hooyo." Mama akamwambia anywe chai.

Ndiyo hivyo. Sasa ni Jumamosi, na Jumatatu iko karibu mno. Jana yule kijana wa kituoni aliniletea tangazo la kwanza nijizoeze: mbuzi wameokotwa njia ya kwenda mtoni. Nilimwomba namba ya aliyewaokota. Nikampigia, nikauliza, "Tufiche ipi?" Kijana akaniuliza maana yake. Nilimweleza polepole, kama ulivyonieleza mimi, na akasema, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Alikuwa na haya. Nadhani tutaelewana. Anajua mashine, na anataka kujifunza.

Abti, asante. Asante kwa kile kiti. Asante kwa kukubali kurudi kutoka Nairobi na kutufanya tuone kwamba hapa pia ni mahali pa kusikilizwa. Asante kwa kunisahihisha bila kunicheka. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, alijaze nuru, na atukutanishe palipo bora. Nakuahidi kwamba sitakubali tangazo lolote litoke mdomoni mwangu likiwa zima, na kwamba nitamaliza shule kwanza, kama ulivyotaka, hata kama Jumatatu itakuwa tamu.

Lala salama, mjomba wangu. Mimi ni mpwa wako, Ifrah.

Jambo moja tu nalihitaji haraka, na ukipenda nijibu hata kwa ndoto, lakini kabla ya Jumatatu. Kila mara taa nyekundu ya studio ilipowaka, hukuanza mara moja. Uliacha kimya kidogo, ukiangalia ukuta ambao hauna kitu, kana kwamba ni lile pazia, ndipo ukasalimu. Nilidhani unavuta pumzi, lakini mtu havuti pumzi hivyo. Abti, katika ule ukimya, ulikuwa unamngoja nani?