Koti la Jioni ya Maonyesho

Nyumbani kwa kaka yako,
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa Shemeji,

Kabla ya yote, hujambo huko uliko? Goti je, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Macho yangu yamepungua nguvu kidogo, ila mdomo bado mzima, kama unavyonijua. Barua zangu zilizopita hukuzijibu, nami sikukasirika. Niliolewa katika ukoo wa wanaume wasiosema. Nimeshazoea kusema kwa niaba yenu.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za mwanao, Chiriku. Yule uliyembeba mabegani, aliyekuwa akikusimulia mpaka unasinzia, leo anatengeneza filamu! Filamu ya kweli, Shemeji, si hizi za kurekodi kwa simu. Mswada kauandika mwenyewe, wala hana kampuni nyuma yake. Kamera ya kuazima, taa za kuazima, na wenzake wanafanya kazi kwa chai yangu. Mimi shule sikufika mbali, lakini nimeusoma wote, nikalia. Sisemi hivi kwa kuwa nimemzaa. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nimemzaa.

Ni habari za watu wa sanaa: mwenye jumba la maonyesho, mnunuzi, mwandishi wa gazeti anayeeleza picha utadhani yeye ndiye aliyezichora. Wote wanasema, wanasema. Katikati yao yumo mchoraji, na huyo hana neno hata moja la kutamka toka mwanzo mpaka mwisho. Umeshamjua ni nani. Ni kaka yako.

Na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mchoraji hapatikani. Waigizaji wamekuja kujaribiwa sebuleni kwangu, makochi tumeyasukumia ukutani. Mmoja alikohoa kwa uchungu mpaka nikamkimbilia na maji. Mwingine, mwenye sauti nzito, akauliza, "Dada, hapa mchoraji anawaza nini?"

"Anawaza rangi ikauke," Chiriku akamjibu.

"Basi niliseme hilo?"

"Usiseme, kaka yangu. Ngoja ikauke."

Kidogo tu, akaanza kuguna na kutikisa kichwa. Kunyamaza, Shemeji, kumewashinda watu waliosomea kuigiza.

Mama anayetuazima ukumbi amesema mwezi ukiisha hatujapata mtu, atamleta yule mchekeshaji wa kwenye televisheni, la sivyo ukumbi hatupati. Mtoto amekonda. Anasema heri auchome mswada kuliko baba yake achekwe.

Juzi aliniketisha nimweleze ile jioni ya maonyesho ya kwanza, maana ndiyo moyo wa filamu. Unaikumbuka, nahisi unaikumbuka kuliko unavyotaka. Koti la heshima lilikuwa moja nyumbani, kaka yako akakuvika wewe, eti yeye linambana. Mgeni rasmi akaingia, akaliona koti, akakushika mkono: "Hongera, fundi! Mikono hii ibarikiwe." Wewe ukanyamaza. Mwenyewe yuko kando yako, naye akanyamaza. Mkasimama hivyo mpaka taa zikazimwa, na gazeti likatoa sura yako kwa jina lake. Watu wakasema mdogo kala sifa za mkubwa. Haukupita muda ukafunga mzigo, na hata kumzika hukuja.

Chiriku akaniuliza, "Mama, mliporudi nyumbani baba alisema nini?"

Ndipo nikatambua kwamba pengine hakuna aliyewahi kukwambia. Kaka yako alivua viatu, akacheka, yeye ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Akasema, "Afadhali walimshika yeye. Mikono yangu ilikuwa na rangi." Basi. Akalala usingizi wa mtoto mchanga. Hakuwa na kinyongo nawe hata chembe, Shemeji. Aliona umempokea mzigo.

Mwanao akaufunga mswada. Kisha akasema, "Mwandikie baba mdogo."

Ndio nakuandikia. Njoo uwe mchoraji wetu. Uso ni ule ule, mabega ni yale yale, na ule ukimya hakuna shule inayoufundisha. Hatukuombi useme kitu. Ungekuwa msemaji nisingepoteza wino. Kaburini nako tutakwenda pamoja, na huko pia hutadaiwa maneno.

Dada yenu mkubwa anakusalimu sana. Seremala wa fremu, jirani yetu, naye anakusalimu, anauliza kama bado unanyoa ndevu vibaya. Chiriku anakuamkia.

Koti nimelitoa kabatini, nimelipiga pasi. Lakini safari hii atalivaa mwingine. Wewe utasimama kando, mikono ina rangi.

Mungu akutangulie njiani, maana mimi nimeshakuhesabu umo njiani.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye bila kuchoka,

Mama Chiriku